Sura ya Tano: Faili Lililobanwa

Jina lilikuwepo, ila halikuonekana.

Fan Jui-lan aliilaza simu yake mezani, kati ya mabakuli mawili ya uji wa samaki, akagusa nafasi tupu iliyokuwa chini ya jina la Teng Pei-ju kwenye tangazo la msiba na kushikilia kidole hapohapo. Nafasi ile ikageuka buluu, na ndani ya buluu yakajitokeza maneno: *Binti wa hiari, Fan Jui-lan.* Alipoinua kidole, maneno yakazama tena katika weupe wa ukurasa.

"Umeona, Dada Chiu?"

Chiu Su-yin alikuwa ameona. Nusu ya maisha yake alikuwa polisi hapa Tainan, kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi juu ya duka la miwani, na alikwisha kutafuta watu waliopotea kila mahali. Aliyepotea juu ya karatasi yake mwenyewe hakuwahi kumtafuta.

"Herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe," alisema. "Nani aliandika ukurasa huu?"

"Baba Teng mwenyewe. Alipoambiwa ini limeshindwa, alikaa akaandika tangazo la msiba wake, akaacha wazi tarehe tu. Ndivyo alivyokuwa. Mwalimu wa hesabu hataki mtu mwingine amalizie swali lake."

"Nawe umekuwaje binti yake?"

"Wazazi wangu walipofariki alinipigisha magoti mbele ya madhabahu ya wahenga wake, nikampa chai, akanywa. Tangu hapo nikawa mtoto wake." Jui-lan aliukoroga uji wake bila kuula. "Kesho kutwa, kwenye ibada ya kumuaga, msimamizi ataita familia kwa kusoma ukurasa huu kwenye simu. Wasioitwa wanakaa na wageni. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kama ni yeye aliyenificha kabla hajafa, nitakaa na wageni wala sitamuuliza mtu. Kama si yeye, nataka kusimama pale aliponiandika."

"Hebu nieleze rangi inakaa wapi. Nieleze kama unavyomweleza mtoto mdogo."

Jui-lan akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alisema ukurasa wa wavuti una sehemu mbili. Kuna maneno, na kuna faili la mitindo, ambalo linayaamuru maneno yavae nini: rangi gani, ukubwa gani, yakae wapi. Mzee Teng aliandika yote mawili katika kihariri cha maandishi cha kizamani, chenye skrini nyeusi na herufi tu. Faili lake la mitindo lilikuwa na nafasi za kutosha, amri moja kila mstari, na maelezo yake pembeni. Kila alipobonyeza kitufe cha kuutoa ukurasa, kihariri kililibana lile faili: nafasi zinaondolewa, maelezo yanatupwa, amri zinasukumwa pamoja mpaka unabaki mstari mmoja mrefu.

"Kwa faida gani?"

"Linakuwa jepesi. Ukurasa unafunguka haraka hata kwenye simu mbovu. Kile kibanio, programu ndogo inayobana, tulikitengeneza pamoja, mimi na yeye. Mchana mwingi tulikuwa mbele ya kompyuta yake."

"Na huo mstari mrefu husomwa na nani?"

"Na kivinjari peke yake, ile programu inayofungua kurasa. Mtu akijaribu, ni kama kusoma bakuli la tambi."

Chiu akamaliza uji wake. Mahali pasiposomwa na mtu ni mahali pazuri pa kuficha kitu, na mfichaji hakukosea kupachagua.

*

Nyumba ya akina Teng ilikuwa kichochoroni nyuma ya soko la samaki. Sebule ilikuwa imegeuzwa chumba cha msiba: picha ya marehemu katikati ya maua, ubani wa mzunguko ukiungua polepole, na meza ndefu iliyojaa karatasi za kukunjwa. Watu watatu walikuwa wameizunguka, wote wamevaa nyeupe na nyeusi.

Mjane, Yeh Hsiu-kuei, alikuwa bibi mdogo wa mwili mwenye vifundo vya vidole vilivyovimba. Alikunja karatasi za fedha kuwa mikuo midogo, mfano wa vipande vya fedha, ya kuchomwa ili marehemu asikose matumizi huko aendako. Mkwewe, Ko Yung-chi, alikunja hizohizo, kwa ustadi mdogo zaidi. Binti, Pei-ju, alikunja mayungiyungi kwa karatasi za manjano zilizochapwa sala, na hakuinua macho Chiu alipojitambulisha.

"Amekuajiri yeye," Pei-ju alisema.

"Ndiyo."

"Basi mwambie hivi: nikimfuta mtu, simfuti kwa rangi. Nachukua kalamu."

"Hukuwa wewe?"

"Ningejua namna, ningefanya zamani." Akabana jani la yungiyungi kwa ukucha. "Nilikuwa nakuja kila Jumapili, Bi Chiu. Nakaa hapo kwenye kiti. Baba na Jui-lan wako ndani wanacheka juu ya kitu kinachoitwa mabano. Nauliza mnacheka nini, wananiambia, ah, ngumu kueleza. Unajua inavyouma, baba yako mzazi kukwambia ngumu kueleza?"

"Pei-ju," mumewe alisema.

"Ameniuliza, nimemjibu."

Mjane alisukuma sahani ya mapera yaliyokatwa kuelekea kwa Chiu. "Kula, mwanangu. Yamenyunyiziwa unga wa plamu. Huyu mtoto wangu ana mdomo, lakini karatasi za fedha hazigusi, zinamwasha vidole. Basi kazi yake ni maua tu."

Chiu alichukua kipande kimoja. Alitazama vidole vilivyoisukuma ile sahani: ncha zake ziling'aa kama magamba ya samaki. Vya Ko viling'aa vilevile. Vya Pei-ju vilikuwa na vumbi la manjano, halina mng'ao.

Alimwomba Ko ampeleke kwenye kompyuta.

Chumba cha mzee kilikuwa kidogo, kimepangwa kama daftari la mwanafunzi mzuri. Ko alikuwa mtengenezaji wa tovuti kwa kazi, mtu wa miaka arobaini na kitu, na alikaa kwenye kile kiti kwa heshima ya mtu anayekalia kiti cha mkwewe.

"Nani anaweza kuiwasha?"

"Yeyote. Baba hakuweka neno la siri. Alisema nyumba yenye siri ni nyumba ya watu wasioongea." Ko alikohoa. "Ukibadilisha faili lililokwisha kutolewa na kulihifadhi, linakwenda hewani lenyewe."

"Nionyeshe mafaili yote mawili."

Akafungua la kwanza, lile kamili. Lilikuwa refu, lenye nafasi kubwakubwa, na kila baada ya amri chache palikuwa na maneno ya Kichina yenye rangi ya kijivu. Chiu aliweza kusoma moja tu kabla Ko hajateremsha ukurasa: *Herufi zisipungue hapa. Hsiu-kuei hapendi kuvaa miwani mbele za watu.*

"Haya ya kijivu ni nini?"

"Maelezo yake. Mashine haiyajali. Kibanio kinayatupa yote." Ko akateremsha mpaka mwisho. "Tazama, hakuna mahali panaposema jina la Jui-lan liwe jeupe. Hapa anasema liwe jeusi, kama wengine. Sasa hili hapa ndilo lililobanwa."

Skrini ikajaa. Kweli ilikuwa bakuli la tambi. Alama na herufi zimeshikana bila pumzi. Ko akaruka mpaka kwenye ncha ya mstari, na huko mwisho amri moja, ya kulifanya jina la Jui-lan liwe jeupe, ilikuwa imekaa kwa raha, ina nafasi kabla na nafasi baada, kama mtu aliyepanua miguu ndani ya lifti iliyojaa.

"Hii haikupita kwenye kibanio," Chiu alisema.

"Haikupita. Kibanio kingeondoa hizi nafasi. Hii imeandikwa kwa mkono, moja kwa moja." Akasitasita. "Najua unachofikiri. Mimi ndiye mwenye kazi hii hapa nyumbani."

"Nafikiri nini?"

"Kwamba ni mimi, kwa ajili ya mke wangu."

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Ko aliangalia ile amri kama mpishi anavyoangalia wali ulioungua wa mtu mwingine. "Ningeandika kwenye faili kamili, halafu nibonyeze kitufe. Hili lililobanwa haliguswi, Bi Chiu. Kila ukiutoa ukurasa upya, hili linafutwa na kuandikwa jingine, na chochote ulichoongeza kwa mkono kinapotea. Nikimwona kijana wangu wa kazini anaandika humu, namrudisha akaanze kujifunza upya."

Chiu aliisoma ile amri tena. Kisha akauliza polepole, "Tarehe ya kifo nani aliiweka?"

"Mimi. Asubuhi ileile aliyofariki."

"Ukabonyeza kitufe?"

"Nikabonyeza. Lazima, la sivyo tarehe isingetoka."

"Kwa hiyo faili lililobanwa liliandikwa upya baada ya yeye kufa. Kama mzee ndiye aliyeiweka hii amri, asubuhi ile ingefutika."

Ko aligeuka kumtazama. "Ingefutika," alisema.

Jambo moja lilikuwa limekwisha. Mzee Teng hakumficha mtu. Aliyemficha alikuwa hai, alikuwa ameingia ndani ya chumba hiki, na hakujua kwamba lile faili kamili lipo. Chiu angeweza kumpigia Jui-lan simu palepale na kupokea malipo yake. Lakini amri ile ikifutwa leo na mkono uleule ukirudi kesho, Jui-lan angeinama mbele ya wageni wote akiwa hana jina.

Alitoa kitambaa cha kusafishia miwani, akaifuta kibodi yote, kitufe kwa kitufe.

"Bonyeza tena," alisema.

Ko akabonyeza, na Chiu akakifuta kitufe hicho tena. Mstari mrefu ukaandikwa upya, ukaishia pale unapotakiwa kuishia. Kwenye simu ya Chiu, chini ya jina la Pei-ju, jina la Fan Jui-lan likakaa wazi, jeusi kama mengine.

Walipopita sebuleni, Chiu alisema kwa sauti ya kawaida, "Lile jina limerudi. Ilikuwa hitilafu tu. Namchukua mkweo tukale, Mama Teng, amenisaidia sana."

"Nendeni," mjane alisema. "Mimi siwezi kutoka, ubani usije ukazimika."

Pei-ju alibaki na mayungiyungi yake. Alikuwa amekunja jani moja mara mbili.

*

Waliketi kwenye kibanda ng'ambo ya kichochoro, mahali ambapo mlango wa akina Teng ulionekana wote. Ko aliagiza wali wa nyama ya kusaga, akauacha upoe. Hakuna aliyeingia wala kutoka.

"Kama ni Pei-ju," Ko alisema, "unaweza kuniambia mimi kwanza?"

"Anajua kufungua kihariri?"

"Hajui hata kubadilisha mlio wa simu." Alicheka bila furaha. "Lakini nimemsikia akilia bafuni. Si kwa sababu baba yake amekufa. Kwa sababu Jui-lan ndiye aliyejua mzee anapenda chai yake iwe kali kiasi gani."

Chiu alifungua ule ukurasa kwenye simu. Jina lilikuwepo. Alikula kidogo, akaufungua tena. Chini ya jina la Pei-ju palikuwa peupe.

"Wewe uko hapa na mimi," alimwambia Ko. "Kula wali wako."

Alivuka kichochoro peke yake. Pei-ju alikuwa kwenye kizingiti cha nyuma, akifunga mayungiyungi kwenye kamba, mabega yake yamejaa vumbi la manjano. Chiu akaingia chumba cha mzee na kuinamia kibodi, akilaza uso ili mwanga wa dirisha upite juu ya vitufe. Vilikuwa safi, isipokuwa vichache. Kwenye hivyo vichache palikuwa na chembe za fedha.

*

Mjane alikuwa bado mezani. Alikuwa amekunja mkuo mmoja tu tangu wao watoke.

Chiu alivuta kiti, akakaa karibu naye, wala si mbele yake.

"Mama Teng, nani alikufundisha?"

Bibi aliendelea kukunja. Ubani uliangusha kipande cha majivu ndani ya sahani.

"Ukumbi wa mtaa," alisema mwishowe. "Wana darasa la kompyuta la wazee. Nilimwambia mume wangu nakwenda kucheza dansi. Akaniambia, vizuri, inasaidia magoti." Aliguna. "Ninavyocheza dansi mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Mchana wangu wote nilikuwa nakata mapera. Nayapeleka ndani, nasimama nyuma yao na sahani, hakuna anayegeuka. Yeye anasema hiki, huyu binti anasema kile, wanaangua kicheko. Ukiona mumeo anacheka na mwanamke kitandani, unajua la kufanya. Hawa hata hawakugusana mikono. Nimshtaki nani? Nimshtaki kwa kosa gani, la mabano?"

"Ukajifunza ili uelewe wanachocheka."

"Nikajifunza ili nijue wanaandika nini. Mwalimu wa pale alitufundisha kuangalia upande wa nyuma wa ukurasa. Nikafungua kurasa zake, moja baada ya nyingine, usiniulize mara ngapi. Nikakuta nini? Mstari mmoja mrefu, hauna mwanzo wala pumzi. Nikasema, alaa, hata huku wameandika kwa lugha yao. Hata huku hawataki niingie." Aliweka mkuo kwenye lundo. "Basi nikajifunza kuandika amri moja tu. Moja ilinitosha."

"Mzee alimwandika kama binti yake."

"Na mimi nimemfuta? Jina lake lipo. Sote tuna msiba, sote tumevaa nyeupe. Na yeye nimemvika."

Alisema hivyo bila aibu. Chiu alikwisha kusikia wezi na waongo wa kila namna wakijitetea, ila si hivi. Alisimama.

"Njoo nikuonyeshe kitu. Ukikiona, uamue mwenyewe. Mimi sitamwambia mtu ni nani."

"Pei-ju atajua."

"Pei-ju atafurahi kwamba kuna mwenzake."

Bibi alitoa sauti fupi puani iliyokaribia kuwa kicheko. Alimwita binti yake aje aangalie ubani, akamfuata Chiu.

Chiu hakuwa fundi wa kompyuta, lakini aliangalia vizuri pale Ko alipobonyeza. Alifungua folda ya juu, ile ambayo darasa la wazee halikuifikia, kwa sababu kivinjari hakiionyeshi. Faili kamili likatandaza nafasi zake kubwa kwenye skrini.

"Lile ulilokuwa unalisoma limebanwa. Mashine imetupa nafasi zote na maneno yote ya kibinadamu, ili liwe jepesi. Hili ndilo aliloandika yeye. Soma ya kijivu."

Yeh Hsiu-kuei aliinama. Hakuhitaji miwani, herufi zilikuwa kubwa. Alisoma la kwanza, lile la miwani, midomo yake ikisogea. Akashuka. *Kijani hiki ni cha mlango wa jikoni, aliochagua Hsiu-kuei. Usikaribie buluu.* Akashuka. *Nafasi pana kati ya mistari. Hsiu-kuei akisoma hufuata kwa kidole, na vidole vyake vimevimba.* Akashuka polepole zaidi. *Jui-lan anasema mwandiko huu umepitwa na wakati. Hsiu-kuei aliupenda kwenye kadi ya harusi yetu. Unabaki.*

Hapo kidole chake kikasimama.

"Alisema umepitwa na wakati?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Huyu binti?"

"Huyu binti."

"Na ukabaki."

"Tangazo lote limeandikwa kwa mwandiko huo, Mama Teng."

Bibi alifuta pua kwa kiganja, fedha ikabaki shavuni. Alisoma hilo tena, halafu tena, kama mtu anayerudia tonge tamu. Kisha uso wake ukabadilika.

"Haya yote, Jui-lan ameyasoma?"

Chiu angeweza kudanganya. "Walikuwa wakilifanyia kazi pamoja. Ameyasoma."

"Kwa hiyo alijua kabla yangu. Habari ya mlango wangu wa jikoni, habari ya vidole vyangu. Amekaa hapo mchana kutwa anasoma mambo yangu, mimi nimesimama nyuma na sahani."

"Angeweza kufikiri unayajua. Mtu gani haambiwi mambo kama hayo na mumewe?"

Swali lile lilibaki chumbani. Mjane aliliangalia kana kwamba limewekwa mezani, karibu na sahani ya mapera iliyoachwa hapo tangu siku za mzee. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Pei-ju akimwambia Ko kwamba wali wa kule kibandani una mafuta mengi.

Kisha Yeh Hsiu-kuei akavuta kiti cha mumewe, akakaa. Hakumwomba Chiu msaada. Alifungua lile faili lililobanwa, akaenda mpaka ncha ya mstari kwa kubonyeza kitufe cha mshale bila kuinua kidole, akaanza kufuta amri yake, herufi baada ya herufi, pamoja na nafasi zake. Alipomaliza alihifadhi. Chiu akatazama simu. Jina lilikuwa mahali pake.

"Kitufe cha kubana ni kipi?" bibi akauliza.

"Kwa nini?"

"Nataka kuongeza neno la kijivu. Mashine italitupa, sivyo?"

"Italitupa."

"Vizuri. Basi usisome."

Chiu akamwonyesha kitufe, kisha akageukia dirishani. Alisikia vitufe vikibonyezwa polepole, vikisimama, vikiendelea. Kichochoroni muuza samaki alikuwa akimwaga barafu. Kisha kikasikika kitufe kimoja, peke yake, na kiti kikasogea nyuma.

"Mpigie huyo mteja wako," mjane alisema. Alikuwa ameshika ile sahani ya mapera yaliyokauka, na sasa alikuwa mlangoni. "Mwambie nguo ya msiba ya binti, ya kitani, ipo hapa, aje aijaribu leo, nisije nikashona kwa kukisia. Atasimama karibu na Pei-ju. Wakisukumana, shauri yao."

"Nitamwambia."

"Na mwambie jambo moja tena." Alihamishia sahani mkono wa pili. "Asilie kunishinda."